Dakika Nne Ngazini

Fizi, tarehe 14 Januari 2024

Mwanangu Pulchérie,

Pokea salamu kutoka huku juu. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo huamka baada yangu. Shangazi yako Florentine amevuna mihogo na analalamika kama kawaida yake. Mvua haijakatika tangu Noeli. Paa limetoboka upande wa vitabu, nami nimevifunika kwa ule mkeka wa zamani wenye kona iliyoungua. Padri anakusalimu. Ndiye aliyeniruhusu kutumia kompyuta ya parokia asubuhi, jenereta inapowaka.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Uliniomba nisome maandishi ya Kifaransa yaliyo chini ya picha za filamu hii ya Kihindi, niyaandike kwa Kiswahili safi, ili wewe uyasome kwenye kipaza sauti watu wa ukumbi wako wakitazama. Ulisema watu wa Baraka wamechoka na wasimulizi wanaobuni. Nilikubali kwa sababu nilidhani ni kazi.

Filamu ina saa tatu na dakika kumi. Maneno yake yote, nikiziacha nyimbo, hayakujaza kurasa kumi na tano za daftari la shule. Nimefundisha watoto wa darasa la pili waliokuwa na mengi zaidi ya kuambiana.

Nimehesabu mavazi ya binti: thelathini na manne. Kijana anamwona kwa mara ya kwanza penye chemchemi, na papo hapo wanatokea wachezaji mia moja waliovaa rangi ya manjano. Wametoka wapi? Nani anawapikia? Wimbo ukiisha wanatoweka, na hakuna hata mmoja anayewauliza habari zao. Babake binti ni mgonjwa. Tunaonyeshwa kitanda chake chenye nguzo za dhahabu, lakini binti haingii chumbani kumuuliza amelalaje. Mzee anakufa, wao wanaimba juu ya mlima wenye theluji.

Kisha wanaahidiana kukutana kwenye stesheni ya treni. Kijana anachelewa, kwa sababu mjomba wake ameficha funguo za gari. Binti hangoji. Anapanda treni na shali yake ndefu inapepea dirishani. Basi, kwa jambo hilo moja wanatengana miaka saba. Miaka saba, Pulchérie, bila barua! Mwisho wanakutana kwenye ngazi za jumba la marumaru, na wanatazamana. Nimepima kwa saa yangu: dakika nne wanatazamana, upepo unavuma, maua yanaanguka kutoka mahali nisipopajua, na hakuna anayefungua kinywa. Kisha wanacheza.

Nimekomea hapo. Ninakurudishia kurasa za saa ya kwanza tu, kwa mkono wa Patrice, motari wa pikipiki. Zilizobaki sitaziandika. Huwezi kutafsiri watu wasiosema kitu.

Baba yako mkubwa,
Fabien


Baraka, tarehe 4 Februari 2024

Baba Mkubwa mpendwa,

Asante kwa barua na kwa kurasa. Huku tuko salama, ila ziwa limepanda mpaka ukuta wa nyuma wa ukumbi. Tumeweka mifuko ya mchanga. Merveille wangu ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa anakataa kucheka mbele ya wageni. Pole kwa goti. Lipake mafuta ya ngazi, haya ya mawese, siyo maji ya moto tu.

Nimecheka kwa hesabu ya nguo. Nilisomea wamama wa soko kipande hicho, mmoja akasema: "Ule mwalimu anasema kweli. Nguo makumi tatu na ine, na nani anamufulia?" Lakini huyo huyo ndiye anayelia kila mara picha ya stesheni inapofika. Nimewaonyesha filamu mara moja bila maneno, wajaribu. Walilia, Baba Mkubwa. Nikauliza wanalilia nini, hakuna aliyeweza kunijibu. Mimi pia nadhani filamu ni ganda tupu, nilitegemea zaidi. Picha nzuri namna hiyo, halafu hakuna mtu ndani! Lakini nimekwisha kutangaza kwa Jumatatu ya Pasaka, na karatasi zimebandikwa mpaka Lweba. Nikisimama kwenye kipaza sauti bila kurasa zako nitabuni, na wewe unajua nikibuni inakuwaje.

Unasema miaka saba ni mirefu. Kuna jambo nataka kusema, usikasirike. Mama Mkubwa Immaculée, mke wako, anavuka kutoka Ubwari kila siku ya soko na samaki wake, na akimaliza kuuza anaingia kwenye ukumbi wangu, benchi la tatu. Tangu arudi kutoka kambini ng'ambo, alikokimbilia vita, na kwenda kwa dada yake kule, sasa ni miaka kumi na mine. Nyinyi wawili mnatazamana na ziwa katikati, na hakuna aliyemwuliza mwenzake kitu. Mimi nililelewa kwako baadaye, najua upande mmoja tu. Hiyo saba ya filamu, ni mara mbili yake.

Mtoto wako,
Pulchérie


Fizi, tarehe 22 Februari 2024

Mwanangu Pulchérie,

Salamu. Florentine amefurahi kusikia habari za meno ya Merveille. Mwambie aliyepoteza meno hana kosa, acheke. Mvua inaendelea. Lori la kokoto limekwama siku sita kwenye mteremko na limeifunga barabara, ndiyo maana utapokea bahasha hii kwa kuchelewa.

Ninakurudishia barua yako ya mwezi huu ikiwa imesahihishwa. Isome tena utaona.

Nimekubali kumaliza kurasa zilizobaki. Sikufanya hivyo kwa kuipenda filamu. Nimeitazama mara ya tatu na hasira yangu imekua. Mtu aliyetumia mali kiasi kile kujenga jumba, kununua tembo, kushona shali, alishindwa kumwajiri mtu mmoja wa kuandika swali moja. Ninarudia: swali moja. Padri alipita nyuma yangu akasema, "Mwalimu, ni mapenzi hayo, usiyakasirikie." Nikamwambia mapenzi si taa nyingi. Kama ni taa, hata benki ina mapenzi. Akaenda zake.

Kwa hiyo nimefanya jambo ambalo sijawahi kulifanya katika kazi ya tafsiri, na ninakuarifu ili usidhani nimekosea. Kwenye zile dakika nne za ngazini, ukurasa wa kumi na nne, nimeongeza maneno yangu. Kijana anamtazama binti na kumwambia hivi: "Kwa nini hukuningoja?" Hayo tu. Uyasome mara moja, polepole, bila kulia na bila kupamba. Yule binti alipanda. Aliyepanda aulizwe.

Uliyemtaja mwishoni mwa barua yako, sikukuuliza habari zake.

Baba yako mkubwa,
Fabien


Baraka, tarehe 9 Aprili 2024

Baba Mkubwa mpendwa,

Salamu nyingi za Pasaka iliyopita. Merveille anacheka tena. Ziwa limeshuka kidogo, limetuachia matope na ndara moja isiyo na mwenyewe. Barua yangu uliyoisahihisha ninayo. Umepiga mistari myekundu kila mahali, isipokuwa aya ya mwisho, ile ya Mama Mkubwa. Pale kalamu yako haikugusa, ingawa nami naona makosa mawili. Sisemi zaidi.

Nimekaa juma zima bila kujua namna ya kuandika habari hii. Nitaiandika kama ilivyokuwa.

Jumatatu ya Pasaka, saa nane mchana, ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Nilisoma kurasa zako kama ulivyoandika. Watu waliniheshimu, Baba Mkubwa, walisema ni Kiswahili cha redio. Lakini unajua watu wetu, hawanyamazi. Kijana akitazama, wanamjibu: "We, sema! Anaangalia tu sawa mbuzi!" Kwenye stesheni mzee mmoja alimpigia binti kelele: "Shuka mu treni, mama, anakuya!" Hata hakushuka.

Tukafika ngazini. Maua yakaanza kuanguka. Nikasoma, polepole, bila kupamba: "Kwa nini hukuningoja?"

Na kwenye benchi la tatu Mama Mkubwa akasimama. Beseni lake la samaki lilikuwa miguuni. Hakupiga kelele. Aliijibu picha ile kama wote wanavyoijibu, ila hakuwa anamtazama kijana, alikuwa ananitazama mimi. Akasema:

"Nilikungoja siku mbili. Uliniambia tangulia ufukweni, nakuja kesho. Ukabaki unazika madaftari ya shule. Nilitandika mukeka juu ya mawe, mvua ikaninyeshea, moto ukaunguza kona. Mitumbwi tatu niliiacha iende. Siku ya tatu asubuhi ikabaki moja, ya mwisho, na risasi zilikuwa zinasikika. Nikaacha mukeka pale pale penye nililala. Niliuacha kusudi. Nilisema akifika ataona, atajua nilikuwa hapa."

Watu walidhani ni sehemu ya filamu. Mwanamke mmoja akamwambia, "Mama, muko fundi! Mujibu tena!" Wengine walianza kupiga makofi. Mimi nilishindwa kusoma, na wale wawili wakaanza kucheza na mia yao ya manjano bila sauti yangu.

Baada ya filamu Mama Mkubwa alinijia nje. "Maneno ya ngazini, nani aliandika?" Sikuweza kumdanganya. Alipanga upya samaki waliobaki, akasema: "Nilijua. Hakuna mwingine anauliza na ukali vile." Kisha akaenda kwenye mtumbwi.

Baba Mkubwa, ule mkeka mimi naufahamu. Umefunika vitabu vyako tangu nilipokuja kwako na sanduku langu. Uliniambia uliuokota.

Pulchérie


Fizi, tarehe 12 Mei 2024

Mwanangu Pulchérie,

Salamu. Florentine ni mzima. Mbuzi amezaa. Barua yako ilinifikia tarehe kumi na tano Aprili, nami nimechelewa kujibu kwa sababu ya mvua.

Si kweli. Barabara ilikuwa wazi. Patrice amepita mlangoni mara nne kuuliza kama nina bahasha, na mara nne nilimfukuza.

Nimekasirika. Nilikuandikia sentensi moja ya kusomewa picha, nawe ukaisoma mbele ya mtu uliyejua yupo. Usiniambie hukujua. Nimewakasirikia pia waliopiga makofi. Nimekikasirikia zaidi kile kifilamu cha bure, ambacho kina utupu mkubwa kiasi kwamba mtu yeyote akipita anaweza kutumbukiza maisha yake ndani.

Nilifika siku ya tatu, saa sita mchana. Liandike hilo mahali. Madaftari yalikuwa ya wanafunzi mia mbili na sita. Bila hayo wasingepata vyeti vyao kamwe, na walivipata. Nilipofika ufukweni hapakuwa na mtu. Palikuwa na majivu, na mkeka umelowa. Niliujua kuwa ni wetu. Nilisema moyoni: ameondoka kwa haraka hata ameutupa mkeka. Nikaukunja, nikapanda nao milimani. Nimekaa juu yake, nimelala juu yake, nimefunika vitabu kwa huo huo. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mtu mwenye haraka ya kukimbia atandike mkeka, awashe moto, na alale.

Mwalimu aliyefundisha miaka thelathini na minane, na nilisoma kitu hicho vibaya.

Mwambie kwamba nimepokea jibu lake. Mwambie ninaomba radhi.

Fabien


Baraka, tarehe 26 Mei 2024

Baba Mkubwa,

Salamu. Sote ni wazima.

Nimempa ujumbe wako siku ya soko, kama ulivyoandika, neno kwa neno. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anaparua samaki, hakuacha kisu. Akasema:

"Radhi inapita kwenye mikro yako tena? Leo ni wewe, kesho ni Patrice na pikipiki yake. Mwambie mimi nilijibu swali lake mbele ya watu mia mbili. Yeye hajaniuliza bado."

Nikamwambia goti lako linauma. Akasema, "Mutumbwi hautembei na goti."

Uliandika kwamba wale wa filamu walikosa swali moja tu. Mimi nimechoka kubeba maneno ya watu wazima wawili. Mtumbwi wa Ubwari unaondoka hapa Baraka saa mbili asubuhi, siku ya pili baada ya soko. Kitanda chako kiko tayari kwangu.

Pulchérie


Ubwari, tarehe 23 Juni 2024

Mwanangu Pulchérie,

Pokea salamu kutoka ng'ambo hii. Goti halijambo; limepakwa mafuta ya ngazi, nawe usiseme kwamba ulisema. Dada yake mama yako mkubwa ameniweka katika chumba cha nyavu, na nyavu zinanuka. Mama yako mkubwa anakusalimu na anauliza kama beseni lake la bluu lilibaki ukumbini.

Unataka kujua, nami sina mazoea ya kuandika mambo ya namna hiyo, kwa hiyo nitaandika machache. Nilishuka mtumbwini nimeukumbatia mkeka, nikiwa nimelowa mpaka kiunoni, kwa sababu yule nahodha haoni aibu kuwashusha wazee majini. Mama yako mkubwa alikuwa ufukweni anaanika dagaa. Hakukuwa na ngazi, wala marumaru, wala upepo wa maana. Aliutazama mkeka kwanza, mimi baadaye. Akasema, "Kona hujaishona." Nikasema sikujua kushona. Akasema, "Miaka yote hiyo?"

Pulchérie, nilisimama pale na nadhani zilikuwa dakika nne, ingawa saa yangu ilikuwa imeingia maji. Sikuweza kufungua kinywa. Watoto walikuwa wanatutazama, na mmoja akasema, "Huyu babu hana mudomo?" Niliona haya. Nilimkumbuka yule kijana wa filamu na sikumpenda zaidi, lakini nilimwelewa kidogo, na jambo hilo limenikera mpaka leo.

Kisha nikamuuliza, naye akajibu. Jibu lilianza asubuhi hiyo na halijaisha. Jana alikuwa amefika kwenye mwaka wa tatu kambini. Mimi ninasikiliza. Akisimama kidogo ninauliza tena.

Jambo moja limenishangaza nami sitaki kulificha: yeye anaipenda ile filamu. Anasema sehemu ya ngazini ndiyo nzuri kuliko zote. Nilimweleza makosa yake kumi na moja kwa utaratibu. Akasema, "Sikuenda kuona wao. Nilienda kukaa mahali penye giza ninaweza kulia bila dada yangu kuniuliza ni nini." Filamu bado ni mbaya.

Usinisubiri juma hili. Mwambie Florentine awafungie mbuzi na aweke karai chini ya tundu la paa, kwa maana vitabu sasa havina kifuniko. Mkeka uko huku. Kona inashonwa.

Nasikia utaionyesha filamu tena kwa ajili ya watu wa Lweba. Kabla ya siku hiyo, chukua ukurasa wa kumi na nne na ulifute swali langu. Liliandikwa na mtu aliyedhani anajua jibu. Mahali pake uandike: "Ulingoja siku ngapi?" Lisome mara moja, polepole. Kisha zima kipaza sauti, na wote wawili waache wasimame pale mpaka yule aliyeulizwa amalize kusema.

Baba yako mkubwa,
Fabien